Gari bila mulango: polisi anakamata juu ya nini, na nani analipa mutu akianguka?

Je, polisi wa rulaji ana haki ya kusimamisha gari juu haina mulango? Huku Bunia swali hili haliulizwi ofisini. Linaulizwa barabarani, gari imesimama, wasafiri wanatoka jasho ndani, na mama mwenye samaki za Kasenyi anaona saa ya soko inapita. Shofere anasema: "Shefu, motere iko muzuri, freni iko, karatasi yote iko. Mulango njo inatembeza gari?" Polisi anajibu kwamba ni sheria. Shofere anauliza ni artikle gani. Hapo sauti zinapanda, wasafiri wanaanza kulalamika "twende, twende", watu wanapatana namna wanavyopatanaka, na gari inaondoka bila mulango kama ilivyofika.

Swali limebaki. Tumelichukua na kwenda kulitafuta ndani ya vitabu vya sheria. Jibu lake si "ndiyo" tupu wala si "hapana" tupu, na sehemu yake kubwa haimuhusu hata yule polisi. Inamuhusu mwenye gari, yule ambaye mara mingi hayuko barabarani wakati mambo yanatokea.

Kitabu kinasema nini

Sheria inayoongoza matembezi ya magari katika inchi yetu ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile wote wanaita Code de la route. Mwaka mmoja mbele yake, katika 1977, inchi ilikuwa imeingia katika Mapatano ya Vienne juu ya matembezi ya barabarani, ambayo mataifa yaliandika tarehe 8 Novemba 1968. Mambo mengi ambayo shofere wa Kongo anajifunza, alama, taa, kupishana, yanafanana na yale ya Mapatano hayo.

Ukiyasoma ukitafuta neno "mulango", fasi ya maana utakayolikuta ni artikle ya 24. Inakataza kufungua mulango wa gari, kuuacha wazi, ao kushuka, kama mutu hajahakikisha kwanza kwamba hatawatia wengine wa barabarani hatarini. Tuangalie vizuri maneno yale. Hayasemi kila gari iwe na milango mine. Yanazungumza juu ya mulango ambao uko, na ambao mutu anaufungua vibaya: mupanda baiskeli anakuja nyuma, mulango unafunguka gafula, anaruka hewani.

Mapatano yana pia nyongeza ya 5, ile inayopanga namna gari inapashwa kuwa: freni, taa, honi, vyuo vya dirisha la mbele na vya kupangusa mvua, bomba la moshi, kioo cha kutazamia nyuma. Orodha ni ndefu, na mutu angezania mulango utakuwa wa kwanza. Hauna sura yake pale. Basi shofere wetu anashinda? Hapana, asifurahi mbio. Nyongeza ileile inasema gari ijengwe na kutayarishwa, kadiri inavyowezekana, kwa namna ya kupunguza hatari kwa watu walio ndani na kwa wengine wa barabarani wakati wa aksida. Na artikle ya 39 inaomba gari iwe katika hali nzuri ya kufanya kazi. Gari ambayo kiwanda kiliijenga na mulango wa kuvuta, na leo fasi ya mulango ule kuna shimo lenye kamba, ni vigumu kuitetea mbele ya maneno hayo.

Kwa hiyo polisi anayetaka kuandika vizuri hatasema tu "hakuna mulango". Atasema gari iko katika hali ya kutia watu hatarini, na ataeleza ni hatari gani. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mulango wa nyuma wa pikapu inayobeba mbao tupu, bila mutu nyuma, na mbao zimefungwa vizuri, si sawa na mulango wa pembeni wa taksi-bisi wenye watoto wawili wamekaa karibu nao. Macho ya sheria yanaangalia hatari.

Kuna jambo lingine ambalo mashofere wengi wanalisahau. Kwa gari nyingi, kioo cha kutazamia nyuma, retroviza, kimepigwa misumari juu ya mulango wa mbele. Mwenye kuondoa mulango anaondoa na retroviza yake. Na retroviza, yenyewe, imeandikwa wazi kabisa katika ile nyongeza. Hapo hakuna tena mabishano: hata mutu anayetetea gari bila mulango anashindwa kutetea gari bila kioo.

Tena kuna kontrole tekniki. Gari ilipelekwa mbele ya watumishi wa Transcom ikiwa na milango yake, ikapimwa, ikapewa karatasi. Kisha mwenyewe akaondoa mulango nyumbani. Karatasi anayoonyesha polisi inazungumza juu ya gari nyingine, ile ya siku ya kupimwa.

Na amande? Kama kosa limeonekana, linaandikwa kwenye PV, na feza ya serikali inalipwa kwa note de perception, kwenye banki, hapana mukononi mwa mutu. Shofere anayeomba karatasi hiyo hatukani mutu. Anaomba haki yake, na polisi anayefanya kazi kwa usafi hawezi kukasirika.

Jipu, na milango ya kufungua kwa bisi

Utasikia vijana wanasema: "Kule Marekani watu wanatembeza jipu bila milango, tena ni kwa furaha tu." Ni kweli. Lakini tujue ni jipu gani.

Neno letu "jipu" limetoka kwa Jeep, gari ambayo kampuni ya Willys-Overland ilianza kujenga kwa wingi katika 1941 kwa jeshi la Marekani. Ile ya kwanza haikuwa na milango hata kidogo. Askari alipashwa kuingia na kuruka kwa haraka. Mpaka leo Jeep Wrangler inajengwa na milango inayofunguliwa kwa bisi na kuwekwa kando, na sheria ya Marekani juu ya kufuli na vitasa vya milango inaweka pembeni milango ya namna hiyo, ile iliyotengenezwa kuondolewa kwa urahisi juu ya gari iliyojengwa kutembea bila milango. Hata hivyo mwenye gari anapashwa kuangalia sheria ya jimbo lake, na mara mingi kinachomuletea shida ni kile tulichosema: retroviza imeenda pamoja na mulango, basi anapashwa kuweka nyingine.

Pointi iko pale: gari iliyojengwa kutembea bila milango. Jipu ya namna hiyo imesimama juu ya chasi yake kama kamio, na mukaaji amefungwa mukaba. Taksi-bisi yetu haikujengwa hivyo. Sanduku lake lote, pamoja na paa na nguzo za pembeni, linashirikiana kubeba nguvu, na mulango ukifungwa unasaidia kushika pembeni. Tena mukaba wa nyuma, nani aliuona katika taksi-bisi ya Bunia? Ndani ya gari iliyofungwa, mutu asiye na mukaba anapigwa na viti na mabati. Ndani ya gari yenye shimo pembeni, anatoka inje, na kutoka inje ya gari inayotembea ndiyo njia moja ya kufa mbio katika aksida ambayo wengine wanainuka na kujipangusa vumbi.

Bajaji, wale wa magurudumu matatu wanaojaa Dar es Salaam na Mombasa, nao hawana milango. Ni sawa na jipu: zilijengwa hivyo, zinaandikishwa hivyo, zinatembea polepole. Na pikipiki? Hapo shofere wa taksi-bisi anachekaka: "Moto inabeba watu tatu na gunia, haina mulango hata moja, na hamuulize!" Anagusa kidonda, juu muji wetu unatembea kwa pikipiki kuliko kwa kitu kingine chochote. Lakini anayepanda pikipiki anajua amepanda nini. Anashika, anafungua macho. Yule aliyepanda taksi-bisi amelipa ndani. Anasinzia. Anaweka mutoto pembeni na kusema: kaa pale, usisumbue watu.

Sababu gani milango inaondoka

Huku kwetu hakuna anayeondoa mulango juu ya kupata upepo. Upepo wa Bunia ni vumbi, na wakati wa jua kali mutu anafika Mudzipela akiwa na rangi ya matofali.

Milango inaondoka juu ya mizigo. Gari inatoka Komanda, kama kilometa 75 hivi, na mbao. Inatoka upande wa Djugu na viazi. Inatoka kwenye ziwa na samaki. Gunia haliingii kwa mulango nusu. Shofere anatosha mulango wa nyuma siku ya soko, anauacha nyumbani chini ya mwembe, na siku ya pili haurudi juu bisi moja imepotea. Kisha wasafiri wanakaa juu ya magunia, na wa mwisho miguu yake iko inje.

Milango inaondoka pia juu ya barabara. Mulango wa kuvuta unatembea kwenye reli ndogo na vigurudumu vidogo. Vumbi na mashimo vinakula vigurudumu vile. Mulango unaanza kukwama, kisha unaanguka mara ya kwanza, konveyeri anauokota; unaanguka mara ya pili, unafungwa na kamba. Mara ya tatu mwenye gari anasema auze chuma. Sitaki kumuhukumu mbio mutu ambaye barabara yenyewe imemunyanganya mulango. Lakini kamba si kufuli.

Kuna na sababu ya vita, hatuwezi kuiruka. Jipu za waaskari katika jimbo letu zinatembea mara mingi bila milango, ao na milango wazi, na sababu yake inajulikana katika majeshi yote: askari anataka kushuka mara moja na kupiga. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na macho yetu yamezoea magari ya namna hiyo mpaka hatuyaoni tena. Na watu wa kawaida wamechukua mawazo hayo. Kwenye barabara ya Mahagi ao ile ya Komanda utasikia musafiri anasema: "Heri mulango ikuwe wazi. Wakipiga, tutaruka." Mutu aliyeponea mashambulio ya barabarani ana haki ya kusema hivyo, na aliye salama nyumbani asimucheke. Lakini mwenye kuruka kutoka gari inayokimbia hawezi kutegemea miguu yake. Na siku zile ambazo hakuna anayepiga, ambazo ni nyingi kuliko zingine, shimo liko palepale likingoja kona.

Wako na vijana wachache wanaofanya hivyo kwa sifa, muziki juu, mulango umebaki kwa fundi. Tuwapite.

Mulango upande mubaya

Sasa tufike kwa jambo ambalo, kwa mawazo yetu, ni baya kuliko yote, na ambalo watu hawalizungumzi sana.

Katika Uganda, Kenya na Tanzania gari zinatembea upande wa kushoto. Katika Kongo tunatembea upande wa kuume. Kwenye mupaka wa Goli na Mahagi shofere anabadilisha upande, ni jambo la mita chache. Lakini gari yenyewe haibadiliki. Hiace iliyotoka Japani, inchi ambako nako wanatembea kushoto, ina usukani kuume na mulango wa kuvuta upande wa kushoto. Kule Kampala mulango ule unafungukia pembeni, kwenye majani na maduka. Huku kwetu unafungukia katikati ya barabara.

Fikiria basi gari imesimama kwenye Bulevari ya Libération. Mama anashuka na mutoto mugongoni. Muguu wake wa kwanza unakanyaga fasi ambako kamio na pikipiki zinapita. Artikle ya 24 tuliyoisoma, juu ya kufungua mulango bila kutia watu hatarini, gari hii inaivunja kila inaposimama, hata mulango ukiwa mupya kabisa. Na kama mulango hauko, musafiri wa pembeni anasafiri uso kwa uso na magari yanayokuja, bila bati hata moja kati yake na kioo cha kamio. Kiwiko kikitoka kidogo, kimeenda.

Rwanda iliona jambo hilo mapema: katika 2005 ilikataza kuingiza magari ya usukani wa kuume. Kinshasa nayo imetangaza makatazo ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na wafanyabiashara wa mashariki wamelia, juu njia yetu ya magari ni Mombasa, Kampala, ao Dubai, hapana Matadi. Tunawaelewa. Mutu wa Bunia ananunua gari iliyo karibu naye. Lakini kama gari ya namna hiyo inaruhusiwa kubeba watu, kitu kidogo kinachoweza kuombwa ni kwamba mulango wa upande ule uwe, ufungwe, na usifunguliwe mpaka konveyeri ameshuka wa kwanza na kusimama nyuma kuangalia. Kuna mafundi wanaoweza kukata mulango mwingine kuume na kufunga ule wa kushoto. Kazi hiyo ikifanywa vibaya inalegeza sanduku la gari, basi gari irudi kwa kontrole tekniki mbele ya kubeba mutu.

Wakenya, ambao mulango wa matatu yao uko upande muzuri, walipigana na shida nyingine: watu kuning'inia. Waziri wao wa usafiri John Michuki alileta kanuni zilizoanza kushika Februari 2004: mikaba kwa kila kiti, chombo cha kuzuia mbio kupita kilometa 80 kwa saa, hesabu ya wasafiri isipitishwe. Matatu nyingi zilisimama, wenyewe wakalalamika kwamba watafilisika, wasafiri wakatembea kwa miguu. Kisha magari yakarudi, na mikaba ndani. Kwamba kanuni zile zimelegea kisha miaka kupita, kila aliyepanda matatu anajua. Lakini ilionekana kwamba mwenye gari anaweza kutengeneza gari yake anapoona kwamba bila hivyo haitembei.

Kinshasa nao walikuwa na Mercedes 207, magari ya mizigo yaliyotoka Ulaya, yakatobolewa madirisha na kuwekwa mabenchi. Mulango wao ulikuwa upande wa haki. Hata hivyo wakaaji waliyaita "esprit de mort", roho ya kifo. Upande muzuri peke yake hautoshi.

Nani analipa

Turudi kwa yule mwenye gari. Kila jioni shofere anamupelekea verseman. Feza ile imepangwa, mvua inyeshe ao jua liwake. Mulango ukianguka, mwenye gari anasema: "Wewe njo uliharibu, tengeneza." Shofere anasema: "Gari ni yako." Kati ya maneno hayo mawili mulango unabaki chini ya mwembe, na kila mmoja anazania siku ya aksida itakuwa kosa la mwenzake.

Sheria imekwisha kuamua jambo hilo tangu zamani sana. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano na madeni, ile wanasheria wanaita kitabu cha tatu cha Code civil, ingali inatumika. Artikle yake ya 258 inasema anayeletea mwingine hasara kwa kosa lake anapashwa kuitengeneza. Ya 259 inaongeza: hata kama ni uzembe tu, hata kama ni kukosa kuangalia. Na ya 260 ndiyo wenye magari wangepashwa kubandika ukutani: mutu anajibu pia juu ya hasara iliyoletwa na watu walio chini yake na vitu anavyovilinda. Shofere ni mutu wake. Konveyeri ni mutu wake. Gari ni kitu chake. Kumuambia shofere "tengeneza wewe" hakumutoi ndani.

Hayo ni juu ya malipo. Juu ya gereza, Code pénal, artikle 52 mpaka 54, inazungumza juu ya kuua ao kuumiza bila kusudi, kwa kukosa kuona mbele ao kukosa kujilinda. Mutu akikufa, kifungo ni kuanzia miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na amande. Na hapa kosa la kuangalia si mbio peke yake. Kuondoa mulango kwa mukono wako, kujua watu watakaa pale, na kuondoka hivyo, ni mufano mwepesi kabisa wa kukosa kuona mbele.

"Nina asuransi," mwenye gari atasema. Vizuri. Asuransi ya lazima kwa kila gari iliwekwa na sheria ya 5 Januari 1973, na kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake. Sheria ya 17 Machi 2015 ilifungulia kampuni zingine mulango. Lakini asome kontra yake mbele ya siku mbaya, fasi ile inayozungumza juu ya hali ya gari na hesabu ya wasafiri. Kampuni ya asuransi inayoona gari ilibadilishwa kisha kuandikishwa, na ilibeba watu kupita viti, itakuwa na maneno mengi ya kusema mbele ya kutoa feza.

Kwa musafiri, ao kwa jamaa yake, kazi ni ya kuandika. Namba ya gari. Jina la shofere. Alama ya asuransi kwenye kioo cha mbele, piga picha kama una simu. Majina ya wawili watatu waliokuwa ndani. PV ya polisi, na cheti cha munganga siku ileile, hapana juma linalofuata. Mara mingi jamaa inapewa sanduku na gunia la muchele kwa matanga, inashika mukono, inanyamaza, na hakuna karatasi hata moja inayobaki. Kumusaidia mwenye matanga ni desturi nzuri, asikatazwe mutu kuifanya. Lakini muchele si malipo ya sheria, na jamaa iliyopokea inaweza kuendelea kudai.

Anabaki konveyeri. Yeye ndiye amesimama kwenye shimo lile kutoka asubui mpaka jioni, muguu moja ndani, moja hewani, anaita "Mudzipela, Mudzipela, fasi ingali!", anapokea feza, anapiga bati kwa kiganja ili shofere aondoke. Wengine ni vijana sana. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto haikubali mutoto awekwe kazini mbele ya miaka 16. Na kwa aliyefikisha umri, kazi ile ni kazi kamili: mwenye kumuajiri anapashwa kumuandikisha CNSS, ile tuliyozoea kuita INSS, na kumulipia, juu aksida ya kazini iko kati ya mambo ambayo kasha lile linafunika. Ulizeni konveyeri wa gari mutakayopanda kesho kama ana namba ya CNSS. Wengi watawauliza ninyi kwanza hiyo ni nini.